Baiskeli za Milimani na Udugu wa Askari

Wapo wenzetu vikosini wanaoamini ya kuwa baiskeli ni chombo cha mtu aliyeshindwa kununua pikipiki, na kwamba afisa anayeonekana akikwea kilima cha Makerere kwa pedali alfajiri ya Jumamosi amejivunjia heshima. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Tukumbushane kwamba hata jina la bodaboda, ambalo leo limetapakaa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa kwa baiskeli mpakani Busia, pale vijana walipokuwa wakiwapakia abiria na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Pikipiki ilikuja baadaye ikarithi jina. Anayeidharau baiskeli hapa Uganda anamdharau aliyemsomesha.

Lakini hoja yetu leo si historia ya chombo, wala si afya ya mwili, ijapokuwa afya nayo imo. Tunataka kusema juu ya urafiki, hasa ule unaopatikana kwa kusafiri pamoja mwendo mrefu, katika njia mbaya, kwa nguvu za miguu.

Tuchukue mfano wa Wandegeya, mahali tunapopafahamu vizuri. Huelezwa kwamba jina hilo limetokana na ndege wale wasukao viota, ambao Waganda huwaita endegeya. Siku hizi waliojaa pale ni watu. Juu kuna Chuo Kikuu cha Makerere, ng'ambo kuna hospitali ya Mulago, bondeni kuna Katanga na vibanda vyake, na penye njia panda kuna kituo cha polisi. Barabara ya Bombo hupita katikati ikielekea kaskazini, kwenye kambi ambayo kila mwanajeshi anaijua. Basi mwanafunzi, muuguzi, mchuuzi, polisi na mwanajeshi hupishana pale kila siku, wakanunua chapati ileile iliyokunjwa na yai, ile ambayo Kampala nzima huiita rolex, na kila mmoja akaenda zake bila kumjua mwenzake. Wakati mwingine wamejuana kwa njia mbaya zaidi. Mnamo Oktoba 2019, wanafunzi wa Makerere walipogoma kupinga nyongeza ya ada, polisi na wanajeshi walipelekwa kule kilimani. Hatukusudii kufufua kesi ile. Tunasema tu kwamba kijana aliyemwona askari kwa mara ya kwanza katikati ya moshi hana sababu ya kumfikiria kuwa ni ndugu yake, na askari naye aliyerushiwa jiwe hamfikirii mwanafunzi kuwa ni mdogo wake.

Sasa wachukue watu hao watatu au wanne, uwape baiskeli zenye matairi mapana na gia za kutosha, uwatoe Wandegeya kabla ya jua, wapite Bwaise na Kawempe, na wakifika mbele ya Matugga waiache lami waingie katika vijia vya udongo mwekundu. Saa ya kwanza watazungumza habari za mpira. Saa ya pili watanyamaza. Saa ya tatu mmoja wao atatoboka tairi, na hapo ndipo safari inapoanza kwa kweli, maana atakayepiga magoti matopeni kuushika mpira wa ndani huku mwingine akipiga pampu hataulizwa cheo chake. Katika mpando mrefu kapteni hujikuta nyuma ya gurudumu la koplo, akijikinga upepo kwa mgongo wake, na koplo akigeuka kumtazama hamtazami kwa dharau, humtazama kuona kama bado yupo. Maji yakibaki chupa moja hugawanywa. Mtu ambaye umemwona amechoka kabisa, uso umejaa vumbi, ameshindwa hata kusema, huwezi tena kumwogopa wala kumchukia bila sababu. Sisi tuliopitia shule ya kadeti tunajua kwamba urafiki wetu wa kudumu haukupatikana uwanjani pa gwaride, ulipatikana katika matembezi ya usiku, mzigo mgongoni. Baiskeli inampa raia nafasi ya kuonja jambo hilo bila kuvaa sare.

Wataalamu wa mchezo huu wamelielewa jambo hilo hata wakaliwekea sheria. Kule Afrika Kusini kuna mashindano ya baiskeli za milimani yaitwayo Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004, nayo huchukua muda wa siku nane. Hakimbii mtu mmoja, wanakimbia wawili wawili, na wawili hao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Mwenye nguvu akimkimbia mwenzake huadhibiwa. Kamanda yeyote atakiri kwamba sheria hiyo ingefaa kuandikwa ukutani mwa kila bweni.

Mwaka 2007 waliingia humo vijana wawili kutoka Rwanda, Adrien Niyonshuti na Rafiki Uwimana. Niyonshuti alikuwa mtoto mdogo mwaka 1994, alipopoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari. Mwaka 2012 aliibeba bendera ya taifa lake katika Michezo ya Olimpiki ya London, kisha akashindana katika mbio za baiskeli za milimani. Hakupata nishani, na hakuna Mnyarwanda tunayemjua aliyelalamikia hilo. Miaka 13 baadaye, Septemba 2025, Kigali iliwapokea waendeshaji wa dunia nzima katika ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani, mara ya kwanza kwa bara letu. Huko Kenya nako, marehemu Sule Kangangi aliwakusanya vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda katika kikundi kimoja kiitwacho Amani. Alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, mwezi wa Agosti 2022, wenzake hawakutawanyika.

Labda msomaji wetu wa kijeshi anangoja tutaje vita. Haya: Wajapani waliteremka Malaya tarehe 8 Desemba 1941 na kuichukua Singapore tarehe 15 Februari 1942, na askari wao wengi walisafiri kwa baiskeli, matairi yalipokwisha waliendesha kwa rimu tupu. Wavietnam walibeba zaidi ya kilo 200 kwa baiskeli moja walipokuwa wakiizingira Dien Bien Phu mwaka 1954. Uswisi ilikuwa na kikosi cha baiskeli hadi mwanzoni mwa karne hii. Lakini tusidanganyane, hatuombi kikosi cha baiskeli. Tunachoomba ni kidogo zaidi, na pengine ni kigumu zaidi.

Tunaomba wakuu wa vikosi na wa vituo waruhusu vikundi vya mchanganyiko, askari, polisi na raia, na wasigeuze ruhusa hiyo kuwa amri. Urafiki wa kuamrishwa tumeuona. Huisha picha zikishapigwa. Kama kuna hotuba, isizidi urefu wa kubana mnyororo. Gharama si kisingizio, kwa kuwa baiskeli za mitumba zipo mjini, na fundi wa kuzitengeneza hakosekani.

Hatari ya barabara ndiyo inayotutia wasiwasi. Malori yaendayo Gulu hayamwonei huruma mwenye pedali, na teksi za Bwaise ndizo mbaya kuliko malori. Kwa hiyo kofia ngumu na taa nyekundu ya nyuma viwe lazima, na watu wawe wameipita Kawempe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wa Bombo na waanzie kwao, wa Wandegeya waanzie penye kituo cha polisi, wakutane Matugga. Mwanafunzi asiye na baiskeli aazimwe, na asiulizwe mwaka 2019 alikuwa wapi.