Video ya Msaada Haizeeki

Umeshaziona hizi video. Kijana amelala kwenye veranda ya duka katikati ya Nairobi, alfajiri, chupa ya gundi bado iko mkononi. Simu inamkaribia. Anaamshwa, anashtuka, anakinga uso kwa mkono, halafu anasikia sauti ikimwambia, "Usiogope kijana, tumekuletea kitu." Anapewa chapati na maziwa, labda na viatu. Muziki wa huzuni unaanza. Kufika jioni watu laki tatu wameshaangalia, vijimoyo vyekundu vimejaa, na kila anayeandika chini anaandika Mungu akubariki.

Wacha niseme hivi kabla hamjanirukia: chapati ni chapati. Mtu mwenye njaa akila, ameshiba, hata kama aliyemlisha alikuwa na sababu zake. Mimi pia hutengeneza video, najua vile kamera hufungua mifuko ya watu. Nimeona bili ya hospitali ikilipwa na watu wasiojuana, huyu mia, yule mia mbili, kupitia M-Pesa, kwa sababu ya klipu ya dakika moja. Sitaki hiyo ife. Shida yangu ni kwamba binadamu hubadilika, na video haibadiliki.

Kuna jamaa mtaani kwetu anaosha magari na pikipiki. Aliishi mitaani akiwa mdogo, akatoka. Sasa ana mashine yake ya maji, ameajiri vijana wawili, na kodi ya nyumba analipa mapema kuliko baadhi yetu. Siku moja nikiwa pale, mteja mmoja alimkazia macho weee, kisha akauliza, "Kijana, si ni wewe ule wa video? Ule alikuwa analia na mkate?" Jamaa akacheka kidogo. "Ni mimi, mzee." Mteja akafurahi, akamwita mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara aje amwone. Hakuwa na ubaya wowote, hata chenji alimwachia. Lakini nilimwona jamaa akirudi kusugua rimu ambayo ilikuwa imeshang'aa. Hiyo video ina miaka minane. Alipopigwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyemuuliza.

Hata jina tunalowaita lina shida hiyo hiyo. Chokoraa linatoka kwa kuchokora, kule kupekua takataka ukitafuta cha kula au cha kuuza. Ni kitu mtu amefanya kwa sababu ya njaa, sisi tukakifanya jina lake. Akiacha kuchokora, jina linabaki. Video ni jina kama hilo, ila hili lina uso na sauti, na linasambazwa upya kila mara mtu fulani akitaka kuonyesha kwamba ana roho safi.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya watu 46,000 nchini. Tunaongea juu yao kama watu wa aina moja wasiohama, na si kweli, watu hutoka huko. Mwaka 2003 serikali iliunda mfuko wa kurekebisha familia hizi, na vijana wa mitaani wakapelekwa NYS kufunzwa kazi za mikono. Aliyekuwa na miaka kumi na minane wakati huo sasa amepita arobaini. Huenda ndiye fundi wako, au mzazi mwenzako kwenye mkutano wa shule, na hujui. Bahati yao ni kwamba simu za kamera zilikuwa bado chache.

Kwa mambo ya imani, sisi Wakenya tunapenda kutaja Mungu kwenye hizi video, kwa hivyo tuongee juu yake. Katika Mathayo sura ya 6, Yesu anaonya juu ya kutoa sadaka ili watu wakuone. Qurani, Sura ya Baqara aya ya 271, inakubali sadaka ya wazi lakini inaiweka mbele ile ya siri inayomfikia maskini. Mahubiri mengi niliyosikia hueleza haya kwa upande wa mtoaji: usijisifu, utapoteza thawabu zako. Sawa. Mimi naona siri hiyo inamlinda pia anayepokea. Ukimpa mtu bila mashahidi, miaka mitano baadaye mnaweza kupatana kwenye matatu na akakusalimia, au asikusalimie, kama mtu mwingine yeyote. Hana kitu cha kueleza mbele ya abiria.

Sasa tuje kwetu, sisi wa kamera. Kuna swali ambalo linafaa kujibiwa ukiwa peke yako: simu ikizima chaji ukiwa njiani kupeleka chakula, unaendelea au unageuka kutafuta chaja? Usijibu haraka. Halafu kuna lingine gumu zaidi. Ukifika pale, unamchagua nani? Manake kamera ina chaguo lake. Inamtaka mwenye nguo zilizoraruka zaidi, na kidonda, na machozi. Yule aliyejitahidi akafua shati lake asubuhi kwa maji ya kuokota, akachana nywele, hatoi video nzuri. Kwa hivyo anarukwa. Hebu fikiria hiyo: mtu ameanza kubadilika, na kwa sababu hiyo hiyo anakosa chapati.

Na sheria iko, tusijifanye hatuijui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hao ni watoto wenye wazazi wa kulalamika. Wa mitaani analalamikiwa na nani? Na kwa mtu mzima pia, idhini unayoombwa na mwenye kushika chakula, wewe hujala tangu jana, hiyo ni idhini ya aina gani?

Najua jibu litakalokuja: bila uso, watu hawatoi. Kuna ukweli hapo. Pengine watatoa kidogo zaidi. Lakini onyesha sufuria, onyesha risiti ya unga, onyesha mikono na sauti. Na wapo wanaotaka kusimulia maisha yao wenyewe, uso wazi, jina kamili. Hao waachiwe kipaza sauti, ni haki yao. Tofauti ni kwamba mtu kama huyo amekuja akiwa ameshiba na amefikiria, na akikupigia mwakani akisema toa, unatoa.

Hapo kwa kutoa ndipo wengi wetu tutakwama. Ni rahisi kusema unaamini watu wanaweza kubadilika. Halafu siku moja ujumbe unaingia: samahani, ule kwenye video yako ya mwaka juzi ni mimi, nimepata kazi ya kulinda, wenzangu wameiona. Na hiyo ndiyo video yako kubwa kuliko zote. Ndiyo iliyokuletea wafuasi, ndiyo unayoonyesha kampuni zikitaka matangazo. Ukimjibu "lakini ilisaidia watu wengi", basi yeye bado ni mali yako.

Sheria inampa haki ya kuomba ifutwe. Mimi ningependa tusingoje aombe. Kama unazo kwenye ukurasa wako, anza leo na zile za watoto, hizo hazihitaji mjadala. Zile za watu wazima, rudi pale ulipowapata ukaulize, na uende bila kurekodi. Usipomkuta, na majirani wa veranda wakisema hawajamwona siku nyingi, inawezekana yuko mahali anatafuta kazi. Ifute tu.