Kitabu Kilichoishusha Fimbo

Jirani yangu mmoja hapa Singida, muuza vitunguu, alimkuta binti yake na barua ya mvulana. Akashika fimbo. Mkewe akamwuliza kwa upole, “Baba watoto, umekwisha msahau Zakaria?” Fimbo ikashuka.

Zakaria ni baba katika *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Alimlinda Rosa kwa kipigo, hakumfunza ulimwengu, binti akaangamia.

Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alifariki dunia mwaka 2020, lakini swali lake lingali majumbani mwetu: mzazi, wamlea mwanao, au wamchunga tu? Jioni ile baba na binti walizungumza hata chai ikapoa.