Chunusi za Binti na za Mama: Twende kwa Nani?

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya jikoni na shamba ili tuzungumze juu ya uso. Huenda baadhi yenu mtacheka na kusema, kuna malaria, kuna kifua kikuu, iweje tupoteze ukurasa mzima kwa ajili ya vipele? Nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka siku tulipoketi na mama mmoja wa Bweranyange, kule Karagwe, barazani kwake, huku akimenya ndizi za mchana.

Mama huyu ana watoto wanne. Binti yake wa pili alikuwa kidato cha pili chunusi zilipomwanza, kwanza kwenye paji la uso, kisha mashavuni, halafu mgongoni. Hazikuwa zile za kutoka na kupotea. Zilikuwa manundu yenye usaha, na kila lilipopona moja liliacha doa jeusi au shimo. Bibi yake alisema huo ni ujana, zitaondoka akiolewa. Wenzake shuleni walisema neno baya zaidi, nalo mama alitueleza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: kwamba dawa ya chunusi ni kulala na mwanamume. Binti aliacha kwaya. Akawa anakwenda kisimani jioni tu, khanga imefunika mashavu.

"Nilipoogopa ni pale aliponiuliza kama maneno hayo ni kweli," mama alituambia. "Nikajua kuna mtu ameshamwambia atamponya."

Akina mama, hapo ndipo ukurasa huu ulipopata kazi.

Mama huyo alifanya ambalo wengi wetu tungefanya. Siku ya gulio alinunua krimu ambayo jirani aliisifu. Baada ya wiki moja uso ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, na nyumba nzima ikafurahi. Mwezi wa pili krimu iliisha. Siku ya tatu uso uliwaka moto, ngozi imekuwa nyembamba, na chunusi zikarudi mara mbili ya zile za kwanza. Alituonyesha boksi alilolihifadhi. Kwa maandishi madogo sana liliandikwa betamethazoni.

Hiyo ni dawa halisi, ya jamii ya steroidi, na tabibu huitumia kwa magonjwa fulani ya ngozi kwa siku alizozipima. Ikipakwa usoni kwa muda mrefu hutuliza wekundu na uvimbe kwa nje, huku ikiidhoofisha ngozi na kuleta chunusi zake yenyewe. Ndiyo maana mara nyingi huchanganywa ndani ya mkorogo: huleta sifa upesi. Wenzake katika mkorogo ni haidrokwinoni na zebaki, na vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku nchini mwetu. Zebaki hudhuru figo, na mtoto aliye tumboni hasalimiki. Hata hivyo vinauzwa, na sisi ndio wanunuzi.

Tulipokuwa Bweranyange tulikumbuka kwamba hapo palikuwa makao ya mfalme Rumanyika, aliyempokea Mwingereza Speke mwaka 1861. Speke aliandika kwa mshangao kwamba wanawake wa ukoo wa mfalme walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama, maana huo ndio uliokuwa uzuri. Leo uzuri umekuwa weupe wa shavu. Kila zama ina mzigo wake wa kumbebesha mwanamke, nasi hatuoni kwamba huu wa sasa ni mwepesi kuliko ule.

Sasa chunusi ni nini? Chini ya ngozi kuna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta. Mtoto akibalehe, homoni huviamsha navyo hutoa mafuta mengi. Seli za ngozi zilizokufa huziba mlango wa kifuko, mafuta hukwama, na bakteria ambao huishi ngozini siku zote huzaliana humo. Mwili hupigana nao, ndipo uvimbe na usaha hutokea. Basi si uchafu, wala si tamaa, wala si damu chafu. Ndoa haina njia ya kuingia humo ikazibua. Waambieni mabinti zenu maneno haya waziwazi, na wavulana pia, kwa sababu wavulana ndio mara nyingi hupata zile kali zaidi na ndio wasiosema. Mtoto anayejua chanzo cha chunusi hatakwenda kutafuta dawa kwa mwalimu wa mtaani.

Vyakula je? Tuliulizwa juu ya karanga na maharage mpaka tukachoka. Hakuna ushahidi wa kumnyima mtoto maharage. Sukari nyingi na soda huenda zikachochea kwa baadhi ya watu, na maziwa pia kwa wachache, lakini hakuna aliyepona chunusi kali kwa kubadili sahani tu. Mafuta mazito ya kupaka ni jambo jingine. Bibi zetu walijipaka samli na walipendeza, ila kwa uso wenye chunusi, samli, vaselini na mafuta ya nywele yanayoteremka kwenye paji huziba zaidi.

Kwa chunusi chache, tabibu wa zahanati au wa kituo cha afya anaweza kuanza. Uso huoshwa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kwa mkono, bila kusugua kwa dodoki. Dawa ya kupaka inayotumika sana ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria. Nyingine ni adapalini, hupakwa usiku, nayo hufungua vifuko vilivyoziba. Zote mbili hukausha na kuchoma kidogo mwanzoni, kwa hiyo huanza kidogo kidogo, siku moja upake na siku moja upumzike. Na hapa ndipo wengi wetu hushindwa: dawa hizi huanza kuonyesha kazi baada ya wiki sita mpaka nane, na hupimwa kwa miezi mitatu. Krimu ya gulioni huonyesha kwa wiki moja. Nani atangoje?

Lakini kama kuna manundu yanayouma, au makovu yameanza kuingia ndani, au mtoto ameanza kujificha watu, msingoje hata wiki. Kovu la shimo halifutiki kwa krimu. Huyo anahitaji dawa ya kumeza, kwa mfano doksisaiklini, kwa muda wa miezi michache, pamoja na ya kupaka. Ikishindikana, daktari bingwa anaweza kumwandikia isotretinoini, dawa yenye nguvu kuliko zote za chunusi. Hii si ya kuazimana. Huhitaji kupimwa damu, na huharibu vibaya mimba. Mwanamke anayeitumia hapaswi kushika mimba wakati wa matibabu na mwezi mmoja baada ya kuacha.

Nanyi akina mama wenyewe, msidhani mmeshapita. Tulipokuwa tukizungumza, mwenyeji wetu aligusa kidevu chake akacheka: "Na mimi je, mwenye miaka thelathini na minane?" Chunusi za mwanamke mzima hupenda kidevu na taya, na huzidi siku zinapokaribia. Ikiwa siku zako hazina mpangilio, na nywele zinaota kidevuni, mwambie daktari, kwa maana huenda mzizi uko kwenye homoni. Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango huweza kuziongeza kwa baadhi yetu. Usikatishe kimya kimya, zungumza kwanza na muuguzi. Na kama una mimba au unanyonyesha, sema kabla hujaandikiwa chochote. Doksisaiklini si ya mjamzito, na adapalini pia huachwa. Benzoili peroksaidi hukubaliwa.

Basi twende kwa nani? Anza na kituo kilicho karibu, ukaombe barua ya rufaa ikihitajika. Kwa Karagwe, hospitali iliyo jirani ni Nyakahanga, na kwa ndugu zetu wa Kyerwa ni Isingiro. Ukifika, uliza kama yupo mhudumu aliyesomea ngozi. Swali hili lina maana, kwa sababu tangu mwaka 1992 kipo Chuo cha Kanda cha Magonjwa ya Ngozi pale KCMC, Moshi, kinachowapokea matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika na kuwafundisha kwa miaka miwili magonjwa ya ngozi na ya zinaa. Kilianzishwa kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi walikuwa wachache mno na walikaa mijini. Wengi wa wahitimu hao hurudi wilayani kwao. Usipompata, rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Safari ni ndefu na nauli si mchezo, kwa hiyo nenda umejiandaa. Beba kila kitu mtoto anachopaka, hata kile mnachokionea aibu, pamoja na maboksi yake. Andika lini zilianza, lini huzidi, na dawa nyingine anazomeza, maana baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kifafa huleta vipele vinavyofanana na chunusi. Vikiwa vinawasha sana, sema hivyo, huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Mwache binti aingie na azungumze mwenyewe walau dakika chache bila wewe. Usiku wa kuamkia safari asipake poda.

Binti wa Bweranyange alipelekwa baada ya mama kuuza gunia la maharage, na baba, aliyekuwa akisema ni upuuzi, ndiye aliyempeleka hadi kituo cha basi kwa baiskeli. Waliambiwa kwanza krimu ile iachwe, na kwamba uso utachafuka zaidi kabla ya kutulia. Ulichafuka kweli, na mama alikaribia kurudi gulioni. Mwezi wa nne ulipotimia manundu yalikuwa yamekwisha, madoa yakififia. Makovu mawili ya shavu la kushoto yamebaki. Amerudi kwaya, anasimama mstari wa nyuma, lakini anasimama.

Ameturuhusu tuandike habari yake bila jina, kwa sharti moja: tuwaambie kwamba benzoili peroksaidi hutoa rangi ya kitambaa. Foronya ya bluu ya mama yake, ile ya kudarizi aliyoletewa siku ya harusi, sasa ina madoa meupe kama ngozi ya kanga. Ukianza dawa hii, lalia foronya nyeupe.