Wachoraji wa katuni, rangi mnaikimbilia ya nini?

Test zimeisha, bumu limeshaanza kukonda, kwa hiyo leo nina muda wa kuandika jambo linalonikera tangu muhula uanze. Ni hawa washkaji wetu wanaochora katuni. Kwenye hosteli yetu peke yake nawafahamu wanne, na kwenye grupu la WhatsApp wamejaa tele. Wanajua kuchora, sibishi. Ila karibu kila picha inayotupwa kule ni rangi tupu: anga la zambarau, nywele zinang'aa, macho yanawaka kama taa za Scania usiku. Sasa hebu angalia chini ya hizo rangi. Mkono haujulikani umetokea begani au shingoni, na miguu imefichwa kwenye moshi kwa sababu mwenyewe miguu haiwezi. Teh teh.

Msimamo wangu ni kwamba mtu anayejifunza akae kwenye penseli na wino muda mrefu tu, rangi zitamkuta hukohuko. Na sisi tuliofika mjini tuache kuwaaminisha wadogo zetu kijijini kwamba bila rangi na tableti hakuna mchoraji.

Penseli bwana ni mpole. Unaweza kuchora mistari mitano kwa mkono mmoja wa mtu, na jicho la mtazamaji likajichagulia ulio sahihi. Unapopitisha wino inabidi uchague wewe, mstari mmoja, na ukishapita umepita. Hapo ndipo mtu anajua kama alielewa kiwiko kinavyokunja au alikuwa anabahatisha. Halafu wino mweusi mtupu unakudai mambo mengi. Kivuli utakipata wapi? Utaweka mistari inayokatizana, au utajaza weusi wote. Kipi kiko mbele na kipi nyuma? Cha mbele unakikaza mstari mnene, cha nyuma unakiacha mwembamba. Biro haina mstari mnene kama brashi, basi unapita mara tatu. Tena usifute penseli kabla wino haujakauka, utapaka tope ukurasa mzima. Rangi inaweza kuyaficha hayo yote, na mtu akakaa miaka miwili anasifiwa "kali sana" huku mkono wake uko palepale.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limeniuma. Nyumbani Kimali, mkoani Simiyu, nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko kidato cha pili. Ana kaunta buku zima limejaa katuni za biro. Kachora mnada, kachora watu wamekaa juu ya marobota ya pamba wanabishana bei, kachora wacheza ngoma, na bibi mmoja anamkimbiza mbuzi aliyekula kanga yake. Kuna mchoro mmoja wa ng'ombe wawili wa plau wamegoma katikati ya shamba. Bega la yule ng'ombe wa mbele kapita na biro mpaka karatasi imetaka kutoboka, na vumbi kaliweka kwa vidoti tu. Ukiuangalia unasikia uzito wa jembe. Aisee, hapa chuoni sijaona mtu wa kuchora hivyo.

Mwezi uliopita akanitumia ujumbe kwa simu ya mama yake: "Shikamoo kaka. Nimeacha kuchora kwanza mpaka nipate tableti. Vya kwangu vinaonekana vya kitoto, havina rangi." Akaomba niongee na baba mdogo, pesa ya pamba ikitoka wamnunulie, ikibidi wauze na mbuzi. Kisa? Mimi ndiye ninayemrushia picha za grupu ili afurahi, na yeye kazisoma kama orodha ya vifaa asivyonavyo. Kijana ana kipaji kuliko wale anaowaogopa, na peni kaiweka chini.

Mdogo wangu huyo na hao wanne wa hosteli wote wanampenda Naruto. Sawa. Lakini Naruto wa kwenye TV ndiye mwenye rangi. Masashi Kishimoto alipoanza kumtoa kwenye jarida kule Japani mwaka 1999 mpaka alipomaliza 2014, kurasa karibu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, kama ilivyo kawaida ya vitabu vyao vya katuni. Hata Tintin, ile hadithi yake ya Kongo (yenye dharau nyingi kwa mtu mweusi, tusifichane), ilitoka kitabu mwaka 1931 bila rangi, na toleo la rangi likaja mwaka 1946.

Na hapa Bongo je? Wazee wetu wamecheka na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, wino tu kwenye karatasi ya gazeti. Likaja jarida la Sani, lile ambalo jina lake limetokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na humo Philip Ndunguru akawapa watu akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Ndunguru alifariki mwaka 1986, bado kijana. Lakini wahusika wake waliendelea kuchorwa na mikono mingine, na wasomaji wakaendelea kuwatambua. Jiulize, kama Ndumilakuwili angekuwa ni mng'ao wa rangi tu, nani angeweza kumrithi? Alikuwa mistari inayokamatika, hata mtoto wa shule aliweza kumwiga nyuma ya daftari. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya wachoraji wengi, na ada yake ilikuwa bei ya gazeti.

Gado naye alikuwa mwanafunzi kama sisi. Alikuwa anasoma usanifu majengo Ardhi pale Dar, akaacha mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora Nation. (Wazazi mkisoma hapa, sijamshawishi mtu kuacha chuo.)

Najua mtanijibu kwamba siku hizi picha isiyo na rangi haitazamwi, mtu anaipita kwa kidole. Na mteja anayetaka katuni kwenye fulana au tangazo la welcome first year anataka rangi. Ni kweli, na kama kuna hela mezani paka rangi ule. Wala sisemi rangi ni ujinga. Barly Baruti wa Kongo ana kitabu kinaitwa Madame Livingstone, cha mwaka 2014, kuhusu vita ya kwanza ya dunia kule Ziwa Tanganyika, na ndani yake imo ile meli ya Wajerumani ambayo baadaye ndiyo ikawa MV Liemba yetu. Kurasa zina rangi, na zinapendeza. Ila mzee yule ana miaka mingi sana ya mstari nyuma yake.

Kuna na suala la mfuko. Kopi ya rangi ni ghali, wote tunatoa madesa tunajua. Kopi nyeusi ni hela ya karanga. Tena mchoro wa penseli ukiupiga kopi unafifia, wa wino unatoka umekaza. Chukua A4 moja, ikunje mara tatu upate vyumba vinane, kata katikati, kunja tena: una kijitabu cha kurasa nane kutoka upande mmoja wa karatasi. Kopi moja, kitabu kimoja. Hakuna tableti hapo.

Dogo nimeshamjibu. Mbuzi abaki zizini. Nimemtumia rimu moja ya karatasi na biro sita kwa basi la Bariadi, nikamwambia ng'ombe waliogoma nawataka kwenye karatasi isiyo na mistari, na aniambie waliondokaje pale shambani. Kasema kuna mtu alipigwa teke, itabidi kurasa ziwe nne.

Zimebaki nne nyingine. Mwenye ukurasa wa wino aje nao Ijumaa jioni kwenye vimbweta vya nyuma ya kantini, Jumamosi tunatoa kopi. Rangi mziache chumbani.