Ndovu wa Elgon: Sheria Nzuri Pekee Haitoshi

Wahenga walinena kwamba wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Lakini kwa wakulima wa miguuni mwa Mlima Elgon, si lazima ndovu wapigane. Akishuka mmoja tu usiku, shamba la mahindi lililolimwa msimu mzima huwa limelala chini kabla ya alfajiri.

Kabuchai, katika Kaunti ya Bungoma, ni nchi ya Wabukusu, watu wa mahindi, maharagwe na miwa, na soko lao la Chwele lasifika kotekote. Si kila mwenyeji wa hapo aliyewahi kumwona ndovu kwa macho yake. Hata hivyo, mito kama Kuywa hutoka katika misitu ya mlima huo, na msitu ukiharibika, hata asiyemjua ndovu atakosa maji. Upande wa Kitale, kupita Endebess, iko Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotangazwa mwaka 1968. Humo mna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani na kuchimba mwamba kwa pembe zao ili walambe chumvi. Ni ajabu ambayo ni nadra kupatikana kwingine duniani.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza: ya Elgon yatuhusu nini sisi wa pwani? Yatuhusu sana. Pembe za ndovu waliouawa bara zilikuwa zikipita mlangoni petu, katika bandari ya Mombasa. Isitoshe, ndugu zetu wa Kwale wanaopakana na Shimba Hills wayajua mateso hayo hayo ya kukesha wakilinda mihogo na minazi.

Na tutazame yaliyopita. Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Sheria ilikuwapo, ila mlinzi hakuonekana. Yakadiriwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Ndovu wa Elgon nao hawakusalimika, kwani majangili waliwavizia hadi mapangoni.

Mambo yaligeuka pale usimamizi ulipogeuka. Julai 1989 Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe jijini Nairobi, mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kufunga biashara ya pembe duniani, na mwaka 1990 KWS ikaanza kazi ikiwa na askari wenye silaha na magari. Sheria mpya ya mwaka 2013 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, ilimwekea mwenye kuua mnyama aliye hatarini kutoweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Hayo ni maendeleo, na asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kingi.

Waama, kasoro zipo, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni fidia. Mwaka 1989 sheria iliondoa fidia ya mazao, mkulima akaachiwa hasara yake. Sheria ya 2013 iliirudisha, na ikaahidi shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Lakini ahadi ni deni, na wengi wamengoja malipo kwa miaka. Mtu aliyepoteza chakula cha wanawe, na karatasi zake zimelala ofisini, kwa nini amfichue jangili apitaye kwake usiku?

Ya pili ni mahakama. Juni 2014 zaidi ya tani mbili za pembe zilikamatwa Mombasa. Mfanyabiashara mmoja akahukumiwa Julai 2016 kifungo cha miaka 20, na Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia kwa sababu ushahidi ulikuwa na dosari. Mahakama ilifanya haki yake, kwani mtu hafungwi kwa dhana. Kazi iliyoharibika ni ya wapelelezi, na adhabu kali haina maana ikiwa ushahidi haukuandaliwa sawasawa.

Ya tatu ni mipaka na wenyeji. Karibu na Kitale ipo mbuga ndogo kuliko zote nchini, Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa majini. Ukubwa wake ni kama kilomita tatu za mraba, na mashamba yameizunguka pande zote. Maji yakiharibiwa juu huko, ua wa mbuga utamfaa nini nzohe? Na huko Chepkitale, ardhi ya Waogiek ilitangazwa hifadhi mwaka 2000. Ilibidi waende mahakamani Bungoma, wakapewa haki yao Septemba 2022. Alindaye mnyama kwa kumfukuza mwenyeji hujitafutia adui.

Tukitaka funzo, India inalo. Nchi hiyo ilianza mradi wa kuwalinda chui milia mwaka 1973, ukasifiwa dunia nzima. Kumbe katika hifadhi ya Sariska wanyama walikuwa wakihesabiwa katika vitabu tu, na mwaka 2005 ikathibitika kwamba hakubaki hata mmoja. Serikali haikuficha aibu hiyo. Iliunda mamlaka mpya, ikabadili namna ya kuhesabu, na ikahimizwa kuwapa wanavijiji sehemu ya mapato. Mwaka 2006 walikadiriwa chui milia 1,411. Mwaka 2022 wakafika 3,682.

Kwetu pia mfano upo. Huko Mwaluganje, karibu na Shimba Hills, Wadigo na Waduruma walitoa mashamba yao yakawa njia na malisho ya ndovu, ili wagawane mapato ya watalii. Mpango huo umepata taabu zake, hasa watalii wapungukapo, lakini ulianza pale panapostahili, yaani kwa mwenye shamba.

Basi kinachotakiwa si sheria nyingine. Fidia ilipwe kwa muda uliowekwa, wapelelezi wafunzwe kulinda ushahidi, Kenya na Uganda zishauriane kuhusu mlima wanaoumiliki pamoja, na wenyeji waulizwe kabla ramani hazijachorwa. Viumbe hawa ni amana tuliyokabidhiwa, na amana hurudishwa kamili. Lakini mkulima wa Bungoma naye ni amana ya serikali, na hatuwezi kumtaka alinde ndovu wa wote kwa njaa ya watoto wake peke yake.