Neno la Mhariri: Tarumbeta la Natchez

Aprili 1994 zilitoka albamu mbili za rap, moja ikiitangulia nyingine kwa wiki moja tu. Tarehe 19 ilitoka Illmatic ya Nas, kijana wa Queensbridge, mtaa wa maghorofa ya serikali huko New York. Tarehe 26 ikafuata Southernplayalisticadillacmuzik ya OutKast, vijana wawili wa Atlanta ambao walikuwa bado hawajatimiza miaka 20. Ya Nas ilipewa maikrofoni tano na jarida la The Source, alama ya juu kabisa, na mpaka leo anayetaka kueleza rap ya New York ni kitu gani huanza nayo. Ya OutKast ilipendwa sana kwao na ikauza, lakini mwaka uliofuata wenyewe wakazomewa mbele ya kamera walipopanda jukwaani New York kupokea tuzo.

Naomba msomaji aisikilize tena Illmatic, wimbo wa tatu, pale mwishoni. Wachanaji wamemaliza mistari yao, biti bado inazunguka, na juu yake linaingia tarumbeta, taratibu, lisilo na haraka ya kwenda popote. Anayelipuliza ni Olu Dara, baba mzazi wa Nas, mwanamuziki wa jazz aliyezaliwa Natchez, jimboni Mississippi, ukingoni mwa mto wenye jina hilohilo. Katika albamu ambayo New York inaiona kuwa ndiyo sura yake halisi, anayefunga wimbo mmojawapo bora ni mzee wa Kusini.

Hoja yangu inaanzia hapo. Ugomvi wa kikanda katika rap ya miaka ya 90 husimuliwa kama mashindano ya miji: Mashariki na Magharibi walipigana, kisha Kusini ikaja kudai nafasi. Mimi naona lilikuwa jambo la ndani ya ukoo. Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliihama Kusini, wakikimbia kilimo cha nusu kwa nusu kisichomaliza deni, sheria za ubaguzi na makundi ya wauaji, wakaenda Harlem, Chicago, Detroit, Los Angeles na Oakland. Wazazi wa Snoop Dogg, nyota wa Long Beach, walitoka Mississippi. Watoto waliozaliwa mjini walijifunza mapema kwamba lafudhi ya bibi ni ya kuchekwa, kwamba anayevuta maneno ni mshamba, na kwamba kule walikotoka wazee huendwa kwa mazishi na kwa likizo za shule. Kwa hiyo vijana wa Atlanta, Houston na Memphis walipochukua maikrofoni na kuchana kwa lafudhi ileile, New York haikusikia jambo geni. Ilisikia jambo ililolijua vizuri sana, lile ambalo familia nyingi zilitumia miaka kulivua.

Na ikumbukwe kwamba Bronx, huko huko New York, ilijengewa utamaduni wa rap na mhamiaji. DJ Kool Herc, ambaye sherehe yake ya Agosti 1973 huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop, alizaliwa Kingston, Jamaica, na ukubwa wa spika zake ulifuata desturi ya huko. Mjamaika amekubalika kuwa mwanzilishi, wala hakuna anayehoji. Binamu wa Georgia ndiye aliyeombwa kibali.

Usiku OutKast walipozomewa ulikuwa wa tarehe 3 Agosti 1995, katika ukumbi ulioitwa Paramount wakati huo, uliomo ndani ya Madison Square Garden. Hewa ilikuwa imechafuka. Ni usiku huo Suge Knight wa Death Row, lebo ya Magharibi, alipomkejeli Sean Combs wa Bad Boy, lebo ya New York, mbele ya watu wake, na Snoop akaiuliza hadhira kwa ghadhabu kama kweli haina mapenzi naye wala na Dr. Dre. OutKast wakatangazwa kuwa kundi jipya bora la mwaka, na ukumbi ukazomea. Big Boi, mmoja wa wawili hao, alianza kwa adabu ya mgeni, akiwatambua wenyeji wa jiji. Makelele hayakupungua. Mwenzake, André Benjamin, miaka 20, akasogea. Ukiitazama kanda yake utaona anavyoyatafuta maneno: alisema amechoshwa na watu waliofunga akili zao, akasema Kusini wana jambo la kusema, akashuka. Hakutumia hata dakika moja. Kinachouma zaidi ni kwamba video ya wimbo wao wa kwanza, Player's Ball, ilikuwa imeongozwa na Combs huyohuyo, na wimbo ulikuwa umeshika namba moja kwenye chati ya rap ya Billboard. Waliokuwa wakizomea hawakuweza kusema hawawajui.

Kwa miaka mingi usiku ule ulikumbukwa kwa sababu ya Suge na Combs, na inaeleweka: Septemba 1996 Tupac wa Death Row alipigwa risasi Las Vegas akafa, na Machi 1997 Notorious B.I.G. wa Bad Boy akauawa Los Angeles. Damu huteka masimulizi yote. Hata huku kwetu, sura ya Tupac ilichorwa kwenye daladala na matatu, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wakabishana kama wana hisa katika vita vya watu wa mbali. Tulipokea ramani yenye pande mbili kwa sababu majarida na televisheni zilizotufikia zilikuwa na pande mbili. Wakati huohuo Atlanta, Houston, Memphis na New Orleans zilikuwa zinafanya kazi usiku na mchana. Chini ya nyumba ya mama yake prodyuza Rico Wade, huko Atlanta, kulikuwa na chumba kisichosakafiwa, kuta zake udongo wa Georgia, walichokiita Dungeon. Hapo ndipo maprodyuza wa Organized Noize walipowapika OutKast na Goodie Mob. Goodie Mob walitoa Soul Food Novemba 1995, miezi mitatu baada ya zomeazomea ile.

Kwa nini sikio la New York lilikataa? Sitaki kusema ni ubaya wa roho tu. Sikio hilo lilifunzwa kupima mistari: vina vilivyobanana, mafumbo juu ya mafumbo, ngoma zilizokatwa kutoka santuri za zamani. Ni kipimo kizuri, nami nakipenda. Lakini ni kipimo cha muziki unaosikilizwa kwa vipokea sauti vya masikioni ndani ya treni ya chini ya ardhi. Houston hakuna maisha bila gari. Muziki wa huko ulitengenezwa kwa ajili ya buti lililojazwa spika, kwa barabara ndefu, kwa joto lisiloruhusu haraka. DJ Screw aliuchukua mwenendo huo akaufikisha mwisho wake: alipunguza kasi ya nyimbo za wenzake mpaka sauti ya mchanaji ikawa nzito kama ya mtu anayesema usingizini, akauza kaseti hizo kwa watu waliokuja kupanga foleni nyumbani kwake. Miami nao walikuwa na besi ya mashine ya Roland TR-808 na wakaupigania muziki wao hadi mahakamani. Albamu ya kundi lao la 2 Live Crew ilitangazwa na jaji wa Florida mwaka 1990 kuwa ya matusi yaliyokatazwa kisheria, hukumu ikatenguliwa 1992, na mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa ushindi katika kesi nyingine ya hakimiliki. Unaweza kutoyapenda maneno yao, na mimi mengi siyapendi, lakini waliokuja baadaye wakichana bila hofu ya jaji wana deni kwao.

Na hata kwa kipimo cha mistari, Kusini haikuwa maskini. Mwaka 1991 Geto Boys wa Houston walitoa Mind Playing Tricks on Me. Zama zile mchanaji alipaswa kuwa mtu asiyeogopa. Scarface na wenzake wakaeleza mtu asiyelala, anayehisi kuna anayemfuata, asiyejua kama adui yuko nje ya mlango au kichwani mwake. Gitaa linalozunguka chini ya maneno hayo limetolewa kwenye wimbo wa Isaac Hayes, mtu wa Memphis. Wakosoaji waliusifu wimbo huo kisha wakauchukulia kuwa bahati, kitu kilichotokea Houston kimakosa. Hiyo ndiyo tabia ya dharau: ikikutana na ushahidi, huuweka kando na kuuita wa pekee.

Sehemu inayofuata husimuliwa kwa shangwe. Redio za kitaifa na lebo kubwa ziliwapa wachanaji wa Kusini nafasi finyu, basi wakauza wenyewe: kaseti kwenye maduka ya vinyozi, kwenye maegesho ya magari, kutoka kwenye buti. James Prince alijenga Rap-A-Lot Houston. Tony Draper akajenga Suave House na kuwatoa 8Ball na MJG wa Memphis. Master P wa New Orleans alipoingia mkataba na Priority mwaka 1996 alibaki na umiliki wa rekodi zake, na mwaka 1998 ndugu wawili wa Cash Money wakapata kwa Universal mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 30, nao pia wakabaki na rekodi zao. Wachanaji wengi mashuhuri wa New York hawakuwa na masharti kama hayo.

Wengi huishia hapo na kusema Kusini ilishinda kwa pesa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mauzo yalikuja na dharau ikabaki, ila ilibadilisha nguo: sasa ikasemwa wanauza lakini hawajui kuandika, wanachezesha tu watu klabu. OutKast walishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 2004, Three 6 Mafia wakapata Oscar 2006, na mwishoni mwa mwaka huohuo Nas alitoa albamu iliyotangaza kifo cha hip-hop, ambayo wasanii wengi wa Kusini waliichukua kuwa mshale uliolengwa kwao. Nas, mtoto wa Olu Dara! Pesa haziponyi jeraha la aina hii, kwa kuwa halikusababishwa na ufukara.

Jibu bora zaidi ninalolijua lilitolewa studio. Mwaka 1998 OutKast walitoa Aquemini, na humo mna wimbo unaoitwa Rosa Parks. Katikati yake ngoma inaachia nafasi, watu wanapiga makofi na kukanyaga chini kama waumini, na inaingia harmonika inayopulizwa na baba wa kambo wa André, mchungaji. Hakuwekwa mwishoni kama pambo. Wimbo mzima unamngoja yeye. Mzee, kanisa na kijiji vimewekwa katikati ya dansi na hakuna anayevionea aibu. The Source waliipa albamu hiyo maikrofoni tano.

Sitaki toleo hili kuhusu rap ya Kusini lisomeke kama sifa tupu. No Limit, lebo ya Master P, walitoa albamu zaidi ya 20 mwaka 1998 peke yake, na nyingi ni kazi za haraka zilizofunikwa kwa majalada yanayometameta. Wanawake walitukanwa katika nyimbo nyingi mno, na wanawake waliokuwa ndani ya makundi ya Kusini, Mia X wa New Orleans na Gangsta Boo wa Memphis, walichana sawa na wanaume au kuwapita huku wakipewa kurasa chache kuliko wao. Missy Elliott wa Portsmouth, Virginia, aliyebadilisha sauti ya redio yote mwaka 1997 akiwa na Timbaland, mara nyingi hata hatajwi Kusini inapohesabiwa. Wanaolalamika kupuuzwa nao walipuuza, na makala mbili humu zinalisema hilo bila kupepesa macho.

Tulikubaliana pia ofisini kwamba hakuna mwandishi atakayetumia mauzo kama ushahidi wa ubora, wala kumpima msanii wa Kusini kwa kumsimamisha kando ya mtu wa New York. Ndiyo maana tunaanza na Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta, walikotoka wachanaji wawili wa UGK. Pimp C alipenda kinanda na gitaa la kweli, na hakutaka kazi yake iitwe hip-hop: aliziita nyimbo za rap za shamba, kwa fahari. Bun B, mwenzake, alichana kwa sauti nzito na vina ambavyo mkosoaji yeyote wa New York angevisifu laiti angevisikia. Ridin' Dirty ya mwaka 1996 haikutengenezewa hata video moja, ikapita kimya masikioni mwa sehemu kubwa ya dunia, pamoja na sisi. Kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, itafuteni na kuisikiliza yote, ndani ya gari lenye spika nzuri ikiwezekana, si kwenye simu.