Ploti Moja, Antena Moja

Naomba nafasi katika jarida hili la chama chetu nitoe maoni kuhusu jambo ambalo wengi huliona dogo, ilhali linaleta ugomvi katika mitaa mingi tunamoishi. Jambo lenyewe ni antena za televisheni za kuwekwa nje, zile ambazo watu wa mtaani huziita eriali.

Ukitaka kuelewa ninachosema, panda juu ya jengo lolote refu katika mitaa ya Umoja, Kayole au Dandora hapa Nairobi, kisha utazame mapaa ya majirani. Utaona msitu wa vyuma. Kila mpangaji ana mlingoti wake. Huyu ametumia bomba la maji, yule amefunga ufito kwa mpira wa baiskeli, na mwingine ametundika kifuniko cha sufuria. Nyaya zinaning'inia ukutani kama kamba za kuanikia nguo. Geuka sasa utazame ploti ya pili. Huko paa ni tupu kabisa, si kwa sababu wapangaji hawapendi habari, bali kwa sababu landilodi ametoa amri kwamba hataki kuona kitu juu ya mabati yake.

Hali hizi mbili zote sizikubali. Maoni yangu ni haya: kila ploti ya kupangisha iwe na antena moja nzuri, isimamishwe na fundi anayejua kazi, na ishara yake igawiwe nyumba zote. Na landilodi anayekataza antena za wapangaji awe na yake ya kuwapa. Kukataza tu hakutoshi.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Matangazo ya televisheni yalianza nchini mwaka wa 1962, mitambo ikiwa Limuru. Kwa miaka mingi kulikuwa na stesheni moja tu, ya serikali, mpaka KTN ilipoanza mwaka wa 1990. Kisha yakaja mambo ya dijitali. Mwaka wa 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva zikaiweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analogi. Hapa Nairobi mitambo ya analogi ilizimwa Februari 2015, na kwa sababu ya mvutano kati ya mamlaka na wenye vyombo vya habari, KTN, NTV na Citizen zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Nyasi wakati huo zilikuwa ni watazamaji.

Tangu siku hizo watu wengi wamebaki na imani kwamba dijitali maana yake ni kulipa kila mwezi. La hasha! Stesheni za bure zipo hewani hadi leo. Anayehitaji kuzipata anatakiwa awe na televisheni yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, au king'amuzi cha stesheni za bure ambacho hununuliwa mara moja tu. Halafu anahitaji antena. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Zamani, kama ishara ilikuwa dhaifu, uliona chenga kwenye kioo lakini ukajua nani anasoma habari. Dijitali haina huruma ya namna hiyo. Picha ni safi kama maji ya chemchemi, au inakatikakatika na kuganda, au hakuna chochote. Mawimbi haya ya UHF, ambayo huku kwetu yako kati ya megahazi 470 na 694, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kutoka mnarani. Yakikutana na jengo la mawe hudhoofika, na yakikutana na mabati hurudishwa yalikotoka. Ndiyo maana ile antena ndogo ya kuweka juu ya kabati, chini ya paa la mabati na katikati ya majengo marefu, humfanya mtu ainyanyue na kuizungusha jioni nzima kama mwenye kutafuta dira. Dawa ni kuitoa nje na kuipandisha juu.

Wala haihitaji kuwa kubwa kama watu wanavyodhani. Sisi tunaosoma fizikia tunaweza kukokotoa wenyewe. Mawimbi husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Gawa kwa megahazi 500, utapata urefu wa wimbi wa mita 0.6. Vijiti vya antena huwa karibu nusu ya hapo, yaani sentimita 30, urefu wa rula yetu ya darasani. Zile antena za kale zenye mikono mirefu zilitengenezewa mawimbi ya VHF. Leo antena ndogo iliyo mahali pazuri, ikielekezwa mnarani, huishinda kubwa iliyofungwa ovyo.

Pili, tufikirie usalama. Vijana wa rika letu ndio hutumwa kupanda mabatini. "Wewe kijana, hebu panda uigeuze kidogo!" Mama yuko mlangoni anapiga kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse!" Tunacheka, lakini si jambo la kuchekesha. Mabati yenye umande huteleza. Katika mitaa yetu nyaya za umeme hupita karibu sana na mapaa. Zile za kuingia nyumbani ni za volti 240, na zile za juu zaidi huwa za volti 11,000. Bomba la chuma likiinama na kugusa waya kama huo, aliyelishika hana muda wa kuomba msaada. Kanuni ya mafundi ni rahisi: mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake wenyewe, ili hata ukianguka usizifikie. Sasa niambieni, milingoti kumi na miwili juu ya paa moja itaipataje nafasi hiyo? Mmoja unaweza kutafutiwa pembe yake salama.

Pia kuna radi. Mlingoti wa chuma ulio juu ya paa unapaswa kuunganishwa kwa waya mnene wa shaba mpaka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Sijaona mpangaji hata mmoja aliyefanya hivyo kwa antena yake ya peke yake, kwa sababu gharama ni kubwa kwa mtu mmoja. Watu husema ajali haina kinga. Mimi nasema methali hiyo isitumiwe na mtu ambaye hata kinga yenyewe hajaijaribu. Na hata mlingoti ukiwa na waya huo, mvua ya ngurumo ikianza chomoa televisheni.

Tatu, mgala muue na haki umpe. Wenye ploti wana hoja. Kila fundi anayepanda anatoboa tundu jipya kwenye bati, na masika yakija ni landilodi anayepigiwa simu usiku kwamba dari inavuja. Mwaka jana katika ploti yetu keateka aliagizwa ang'oe antena zote, akazikusanya pale kando ya tangi la maji bila kumpa mtu ilani. Wapangaji walikasirika, na haki yao. Lakini matundu yalikuwepo kweli. Ugomvi huo haungetokea kama kungekuwa na mlingoti mmoja uliofungwa kwa vyuma ukutani badala ya kwenye bati, na waya mmoja ulioshuka vizuri ukiachiwa mkunjo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka kwenye televisheni.

Wapo watakaouliza kama antena moja itatosha nyumba zote. Itatosha ikiwa kazi imefanywa vizuri. Kile kidude ambacho mafundi hukiita splita hugawa ishara. Kikigawa mara mbili, kila upande hupata nusu. Kikigawa mara nane, kila nyumba hupata sehemu moja ya nane, au chini yake kidogo. Waya mrefu nao hula ishara njiani. Kwa hivyo busta huwekwa juu karibu na antena, ishara ikiwa bado safi, wala si chini ambapo imekwisha kuchoka. Busta haiwezi kuokoa ishara iliyoharibika. Huikuza pamoja na uchafu wake.

Na gharama je? Tuchukue mfano wa ploti yenye nyumba 12. Tuseme antena, bomba, busta, splita, waya, fimbo ya ardhini na ufundi vyote vimefika shilingi 18,000. Kila nyumba itatoa shilingi 1,500 mara moja. Mtu anayelipia kifurushi cha shilingi 500 kila mwezi hutoa 6,000 kwa mwaka mmoja, na akikosa mwezi wa Januari, kioo kinakuwa cheusi. Haba na haba hujaza kibaba. Landilodi naye akitoa nusu, atakuwa ameongeza thamani ya nyumba zake, kwani mpangaji anayetafuta nyumba huuliza kuhusu maji, stima na choo. Akiambiwa na televisheni ipo, mbona asihamie?

Najua wenzangu wengine wameanza kuguna: "Aa, siku hizi nani anatazama antena? Si kuna simu!" Ni kweli, simu zipo. Lakini simu hula bando, na bando ni pesa. Tena simu ni ya mtu mmoja, ilhali televisheni hutazamwa na nyanya, baba, mama na watoto kwa pamoja, wakabishana kuhusu habari ile ile waliyoiona.

Hebu mkumbuke Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeperusha masomo kwa redio na kwa EDU TV. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba. Sisi wengine tulingoja mpaka Januari 2021. Katika ploti yetu ni nyumba mbili tu zilizoshika stesheni hiyo vizuri. Watoto wa nyumba zile nyingine tulijazana mlangoni tukichungulia hesabu za kugawanya, huku tumeambiwa tusikaribiane. Waliokuwa na bando walisoma kwa simu. Wasiokuwa nayo walicheza bano mpaka Januari. Tofauti hiyo haikuletwa na akili za watoto. Masomo yalikuwa yanapita juu ya mabati yetu kila siku, bure, na hatukuwa na kitu cha kuyadakia.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinatupa uhuru wa kutafuta na kupokea habari. Sisemi kwamba Katiba inamlazimisha landilodi anunue antena. Nasema uhuru ulioandikwa kitabuni haumfaidi mtu ambaye ishara imeishia kwenye paa lake.

Basi tufanye nini? Wazazi wetu waache kwenda kwa landilodi mmoja mmoja wakiwa wamekasirika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakae kikao, wachague watu wawili, waende na bei zilizoandikwa kwenye karatasi pamoja na ahadi ya mchango wao. Waombe fundi aliyesomea umeme, wala si yule anayepanda na kisu cha jikoni mkononi. Wenye ploti nao wasikilize, na wanaojenga sasa waweke mlingoti na mabomba ya kupitishia nyaya tangu mwanzo, kama wanavyoweka tangi la maji. Hakuna anayejenga ploti akamwambia kila mpangaji apandishe tangi lake mwenyewe!

Na sisi wanafunzi tuna letu. Ukitumwa tena kupanda mabatini kugeuza bomba, kataa kwa adabu. Mweleze mzazi ulichojifunza kuhusu mawimbi na umeme, kisha mwambie aitishe kikao cha wapangaji. Elimu isiyotoka nje ya lango la shule haina faida kubwa.

Nafasi niliyopewa imekwisha. Mwenye maoni tofauti naye aandike, nami nitamsoma kwa hamu.